Kisu cha Istanbul Kinafika Kariakoo kwa Bei Gani?

Mfanyabiashara wa Kariakoo hafundishwi hesabu. Gauni alilolinunua Laleli, mtaa wa nguo za jumla kule Istanbul, kwa dola 9, yeye haliiti gauni la dola 9. Kichwani ameshajumlisha nauli, hoteli, kilo za mzigo, ushuru, wakala wa kutoa mzigo, na yale mawili matatu yatakayofika zipu zimekufa. Bei anayoijua ni ile ya mzigo ukiwa dukani.

Ndiyo maana nilishangaa kidogo pale dada mmoja wa biashara hiyo, wa miaka 40 hivi, aliponifungulia simu na kunionyesha kifurushi cha upasuaji cha dola 4,500, akaniuliza, "Dokta, hapa si wananipa bei ya chini kabisa?" Ndani ya kifurushi mlikuwa na kunyonya mafuta tumboni na mgongoni, kuyahamishia kwenye makalio, siku saba za hoteli, gari la kumpokea uwanja wa ndege na nguo ya kubana mwili. Istanbul alikuwa anakwenda kufuata mzigo hata hivyo. Safari moja, kazi mbili.

Mimi ni daktari wa ganzi na usingizi. Nakaa upande wa kichwa cha mgonjwa wakati mwenye kisu anahangaika huko chini, na kazi yangu ni kumrudisha mgonjwa alikotoka. Sina ugomvi na mtu anayetaka kubadili umbo lake; mwili wake, pesa yake. Nilichomwomba ni tupige hesabu ya mzigo ukiwa dukani.

Tulianza na upasuaji wenyewe. Mafuta hunyonywa kwa mrija wa chuma, husafishwa, kisha hurudishwa mwilini kwa sindano kubwa. Kunyonya peke yake kuna hatari zake. Kadiri mafuta yanavyozidi, ndivyo damu na maji ya mwili yanavyoyumba, na yakizidi lita 5 kwa mara moja mgonjwa anapaswa kulala hospitali akiangaliwa, si hotelini. Lakini kinachotuogopesha sisi zaidi ni kule kurudisha.

Ndani ya misuli ya makalio mna vena nene zenye kuta laini, na kutoka hapo hadi moyoni hakuna kona nyingi. Ncha ya mrija ikizichana huku mafuta yanasukumwa, mafuta huingia kwenye damu, hupita moyoni na kwenda kuziba mapafu. Mimi niliye kichwani nitaona kwanza kwenye skrini: namba ya hewa ya ukaa anayoitoa mgonjwa inaporomoka ghafla, halafu presha, halafu moyo. Ni suala la dakika. Tunakandamiza kifua, tunachoma dawa, na mara nyingi tunashindwa.

Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi uliowahoji madaktari wa upasuaji huu wa nchi mbalimbali, na makadirio yaliyotoka yalikuwa kifo 1 katika kila wateja 3,000 hivi. Ili msomaji apate kipimo, usingizi wenyewe kwa mtu mwenye afya, mahali penye vifaa vyote, huua takriban 1 kati ya 100,000. Mwaka 2018 BAAPS, chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo cha Uingereza, kiliwashauri wanachama wake waache kabisa kuhamishia mafuta makalioni. Mwaka 2022 kikalegeza kwa masharti: mafuta yabaki chini ya ngozi, juu ya msuli, na daktari aione ncha ya mrija kwa ultrasaundi anapoyasukuma. Uchunguzi wa baadaye, madaktari wengi wakiwa wameshaacha kuingia ndani ya msuli, ulipata karibu kifo 1 kati ya 15,000.

Hatari hii basi haina uraia. Inafuata mkono ulioshika mrija, na uchovu wa mkono huo. Huko Florida, Marekani, kulikuwa na kliniki zinazopitisha wateja kama abiria wa daladala, hadi mwaka 2022 bodi ya madaktari ya jimbo ilipoweka kikomo cha upasuaji 3 wa aina hii kwa daktari kwa siku, na ultrasaundi ikawa lazima.

"Sasa huko unakokwenda," nikamuuliza dada, "nani ameshika mrija?"

Hakujua. Aliyekuwa akiongea naye WhatsApp wiki mbili mfululizo alijitambulisha kuwa mratibu wa wagonjwa. Nikamwambia huyo ni dalali, naye akacheka, maana Kariakoo neno hilo halihitaji maelezo. Dalali si mtu mbaya. Analipwa mteja akifika, basi. Akirudi salama au vibaya, kamisheni ni ileile. Uturuki ina sheria inayozitaka kliniki na mawakala wanaohudumia wageni wawe na kibali cha wizara ya afya cha utalii wa tiba, kwa hiyo mtu anayo haki ya kuomba aonyeshwe kibali hicho kabla hata hajauliza bei. Wengi wetu tunauliza bei kwanza, kisha tunaangalia picha. Na picha hizo nyingi hupigwa wiki mbili tatu baada ya upasuaji, uvimbe ungalipo. Sehemu kubwa ya mafuta yaliyohamishwa, mara nyingi theluthi na zaidi, hunywewa na mwili katika miezi michache ya mwanzo. Shepu ya kwenye picha si ile utakayobaki nayo.

Kuna safari ya kurudi. Kutoka Istanbul hadi Dar es Salaam ni saa 7 hivi angani, kwa ndege isiyotua njiani. Shirika la Afya Duniani lilionyesha mwaka 2007 kwamba kukaa safarini bila kujinyoosha kwa saa 4 au zaidi huongeza karibu maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa mtu mzima wa afya bado ni jambo la nadra, kama 1 kati ya 6,000. Ila huyu wetu ametoka kupasuliwa, mwili wake uko katika hali ya kugandisha damu ili kuziba vidonda, amelala siku kadhaa, pengine anatumia vidonge vya uzazi wa mpango, pengine uzito ndio uliompeleka huko. Bonge likishaumbika kwenye mguu, linaweza kukatika na kupanda hadi mapafuni siku yoyote katika wiki zinazofuata. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kukosa pumzi ghafla, kuchomwa kifuani: hapo usimtafute dalali, nenda hospitali usiku huohuo. Na kama tumbo limepasuliwa, ushauri wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ni kusubiri angalau siku 10 kabla ya kupanda ndege. Rudi sasa kwenye kifurushi. Siku saba za hoteli.

Kituo hichohicho kilihesabu raia 93 wa Marekani waliofariki baada ya upasuaji wa urembo Jamhuri ya Dominika kati ya 2009 na 2022. Vifo vya 2019 na 2020 vilipochambuliwa kimoja kimoja, zaidi ya nusu vilitokana na mafuta yaliyoingia kwenye damu, na vingi vya vilivyobaki vilitokana na mabonge ya damu. Serikali ya Uingereza nayo, katika ushauri wake kwa wasafiri, imetaja raia wake zaidi ya 25 waliofariki tangu Januari 2019 baada ya matibabu ya kusafiria nchini Uturuki, ya urembo na mengineyo. Nazitaja namba hizi kwa uangalifu. Hazikuambii uwezekano, kwa sababu hazisemi ni wangapi waliokwenda na kurudi wakicheka. Zinakuambia namna watu wanavyokufa, na kwamba namna hizo zinajulikana na kwa sehemu kubwa zinazuilika.

Kisha kuna maambukizi. Lipo tukio ambalo sisi wa ganzi hatulisahau. Mwaka 2023, Matamoros, mji wa Mexico ulio mpakani na Texas, wateja kutoka Marekani walivuka kwenda kunyonywa mafuta na kufanyiwa mengine ya urembo. Walichomwa ganzi ya mgongoni, sindano ambayo mimi nimeichoma mara nyingi sana hata sikumbuki idadi. Safari hii kuvu iliingia pamoja na dawa. Watu walirudi makwao wakiwa wazima, baada ya wiki kadhaa wakaanza kuumwa kichwa, na daktari wa nyumbani akawapa dawa za maumivu ya kichwa. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Walikufa zaidi ya 10. Na kosa halikuwa la aliyeshika kisu wala la mashine. Lilipita kwenye sindano ambayo hakuna mteja anayefikiria kuiuliza.

Wapo pia bakteria wenye subira zaidi. Yuko mmoja, ndugu wa mbali wa bakteria wa kifua kikuu, aitwaye Mycobacterium abscessus, ambaye amewafuata nyumbani Wamarekani waliopasuliwa Jamhuri ya Dominika mara zaidi ya moja. Kidonda kinapona vizuri, kisha mwezi wa pili vinatokea vijipu vinavyotoa usaha, na antibayotiki za kawaida za duka la dawa hazivigusi. Matibabu yake ni dawa kadhaa kwa pamoja, kwa miezi, na mara nyingi kupasuliwa tena. Hapo ndipo tunapoletewa mgonjwa asiye na karatasi. Hatujui alichomwa nini, lita ngapi zilitolewa, nani alimpasua. Ripoti ya upasuaji kwa Kiingereza, yenye jina na sahihi ya daktari, iwe mkononi kabla ya mtu kupanda ndege. Anayewekewa matiti ya silikoni adai pia kadi yenye namba ya toleo. Kampuni ya Kifaransa ya PIP iligundulika mwaka 2010 kuwa inajaza silikoni ya viwandani, na wanawake wapatao 300,000 duniani walikuwa nayo mwilini. Asiye na kadi hakuwa na namna ya kujua kama ni mmoja wao.

Na makovu yanayoota nyama. Ngozi yetu inayapenda kuliko ngozi za wengi wanaopigwa picha za matangazo. Kama sikio lako lilivimba ulipotoboa hereni, mwambie daktari mapema.

Dada alitoa kitabu chake cha risiti akageuza karatasi upande wa nyuma. Kifurushi 4,500. Tiketi mbili, yake na ya mdogo wake wa kumsindikiza, maana mtu aliyetoka usingizini hawezi kujivalisha hata kandambili: 1,700. Hoteli ya siku za ziada, 800. Vipimo vya damu na moyo kabla ya kuondoka, pamoja na sindano za kuzuia damu kuganda baada ya hapo: 350. Chakula na usafiri wa watu wawili, 450. Tulifika 7,800, na duka halijahesabiwa, ilhali hatakiwi kukalia makalio yake wiki kadhaa wala kunyanyua robota. Hapo hakuna kilichoharibika bado. Kikiharibika, bima za afya za kawaida hazilipii upasuaji wa urembo, na bima nyingi za safari huyakataa matatizo yake. Kurudi Istanbul kurekebishwa, hata kama kisu ni bure, ni tiketi nyingine mbili.

Akaniuliza kama basi afanyiwe hapahapa. Nilimjibu kwamba ukaribu una faida moja kubwa: aliyekupasua unampata Jumatatu, na Jumatatu nyingine. Mloganzila, tawi la Muhimbili, limeshaanza upasuaji rekebishi na wa urembo, na puto la tumboni la kupunguza uzito kabla ya hapo. Lakini nyumbani si kinga. Oktoba 2024 Nairobi ilitikiswa na kifo cha mteja aliyenyonywa mafuta katika kliniki binafsi, na baraza la madaktari likaifunga kliniki hiyo. Istanbul nako kuna hospitali ambazo ningemlaza mama yangu mzazi. Tatizo ni kwamba picha za hospitali hizo na za ghorofa moja juu ya duka la simu zinafanana sana kwenye skrini ya inchi 6.

Kwa hiyo tuliandika maswali, yeye akiyapiga kwenye simu huku mimi nikitaja. Jina kamili la daktari, ubingwa wake na alikosajiliwa. Anafanya upasuaji huu mara ngapi kwa siku. Je, mafuta yanabaki juu ya msuli, na ultrasaundi ipo? ICU iko jengo hilohilo, au ni ambulensi na foleni ya Istanbul? Nikirudishwa thieta nani analipa, na imeandikwa wapi. Na la mwisho, langu: nani atanilaza usingizi, naye atakaa nami mpaka mwisho?

Jibu lilikuja usiku uleule, akanitumia nilisome. Jina la daktari walilitaja. Ultrasaundi, wakasema, ipo. Yaliyobaki yalifuatwa na picha ya maua na punguzo la dola 300 kwa atakayelipa kabla ya Ijumaa. Ijumaa ilipita. Ameuliza tena mara mbili, na hadi naandika haya, swali la nani atamlaza usingizi halijajibiwa.