Mafuta ya tumbo hayanyamazi

Katika mkutano wa wanamemba huko Kalehe, mama mwenye kushika sanduku ya koperative alishindwa kupanda mpaka kwenye depo ya maharagwe. Ilikuwa tansio. Watu walishangaa: "Lakini mama iko na afya, ona vile amenona!" Kazi yetu ni mbegu na mbolea, lakini siku ile tuliona hatuwezi kunyamaza.

Zamani hata wataalamu wengi walifikiri mafuta ya mwili ni ghala tu. Mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake huko New York waligundua homoni inayotoka ndani ya mafuta yenyewe, ikaitwa leptini. Inaambia ubongo: tumeshiba, acha. Mafuta yakizidi, leptini inakuwa nyingi mpaka ubongo hauisikii tena, kama vile sisi tunazoea kelele ya mashini ya kusaga. Mtu anaendelea kula.

Kuko homoni ingine, adiponektini, yenye kulinda mishipa ya damu. Hiyo inapungua tumbo likiongezeka. Tena mafuta ya ndani ya tumbo yanaita askari wa mwili, wanaanza vita bila adui. Ukuta wa ndani wa mishipa unavimba polepole, bila maumivu, miaka na miaka. Mafuta ya damu yanajibandika humo, njia inakuwa nyembamba na ngumu, moyo unasukuma kwa nguvu. Wengine wanaishia kupooza upande mmoja.

Chukua kamba yenye urefu wako, kisigino mpaka kichwa, uikunje mara mbili, uizungushe tumboni juu kidogo ya kitovu. Ncha zisipokutana, nenda kituo cha afya wakupime. (Mama mjamzito asijipime hivyo.)

Na sisi tuko na kosa letu. Katika mafunzo tulihesabu magunia yaliyouzwa, hatukuuliza ngapi yalibaki nyumbani. Mtu anauza maharagwe yote, anarudi na mchele, sukari na sukre, juu ya moto. Sasa tunaomba kila nyumba ibakize maharagwe yake, ipande lengalenga karibu na jikoni, ipunguze mawese kwenye sufuria. Mtu wa kilo 90 akipunguza 5 tu, tansio inaweza kuanza kushuka. Vidonge usiviache bila kuuliza muganga.

Mama wa sanduku anameza vyake kila asubuhi. Sokoni anaenda kwa miguu.