Triumph iliyokataa kurudi nyuma

Alhamisi moja jioni, baridi ya Mau Narok ikiwa imeshaanza kuuma vidole, kijana mmoja alikalia usukani wa Triumph 2000 ya babu yake, akaweka rivasi, akakanyaga mafuta. Gari lilitikisika, likanguruma, lisisogee hata inchi. Alipotaka kuongeza moto, mzee alitoka ndani mbio, kikombe cha chai mkononi.

"Zima! Zima hiyo injini!"

"Lakini Guka, limekwama kidogo tu. Nikilisukuma kwa nguvu litatoka."

"Litatoka vipande vipande."

Mzee alikuwa na haki ya kupiga kelele. Gari lilikuwa bandani, pua ikigusa ukuta wa mbao, na Jumamosi lilitakiwa Nakuru kumbeba mjukuu wake wa kike kwenda kanisani. Mama wa bibi arusi alibebwa na gari lilo hilo siku yake, na neno lilikuwa limekwisha kutolewa mbele ya wakwe. Tena kulikuwa na mnunuzi mmoja wa vyuma aliyekuwa akipita pale kila mwezi, akilitazama kama fisi atazamavyo ng'ombe mgonjwa.

Ubaya ulikuwa katika ovadraivu. Vijana wa siku hizi, waliozoea gea tano na sita, huenda hawajapata kulisikia jina hilo. Ni kisanduku kilichofungwa nyuma ya giaboksi, na asili yake ni akili ya mhandisi Edgar de Normanville, kikatengenezwa na kampuni ya Laycock ya mjini Sheffield, Uingereza. Kilianza kuonekana katika magari kama Standard Vanguard baada ya vita, kisha Triumph, Austin-Healey, Jaguar, Humber, hata Volvo. Dereva akiwa gea ya juu hubonyeza swichi ndogo, na injini ikizunguka mara 80 hivi, shafti ya nyuma huzunguka mara 100. Kelele hupungua na petroli huokolewa. Kutoka Nakuru kwenda Naivasha ni raha tupu. Kupanda kutoka Njoro, ulioko zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari, hadi Mau Narok, kunakopita mita 2,700, ni upuuzi kukitumia, kwa maana hewa ni nyepesi na injini ya petroli imekwisha kupoteza karibu robo ya nguvu zake.

Ndani yake mna gurudumu dogo la meno katikati, mengine yanayolizunguka, na pete kubwa ya nje. Swichi ikibonyezwa, umeme huvuta solenoidi, solenoidi hufungua vali, na oili yenye msukumo mkubwa huisukuma klachi yenye umbo la pia hadi ishikane na pete ya breki. Gurudumu la katikati husimama tuli, na pete ya nje hukimbia kuliko injini. Swichi ikizimwa, oili hutoka kwa kitundu chembamba mno, na springi huirudisha klachi mahali pake.

Sasa, klachi isiporudi, gari huenda mbele bila taabu kubwa, ila huondoka kwa uzito kama lililoanza na gea ya pili. Lakini rivasi ni hatari. Mle ndani mna kifaa kinachokubali kuzunguka upande mmoja tu. Ukirudi nyuma, kifaa hicho kinafunga huku gurudumu la katikati likiwa limeshikwa, na chuma kinapigana na chuma. Hata kulisukuma kwa mikono kinyumenyume hakufai. Kijana alikuwa amebakiza mguu mmoja tu wa mafuta kuvunja kitu kisichopatikana dukani.

Fundi aliitwa usiku huo huo, mtu wa makamo aliyejifunzia kazi kwenye matrekta ya mashamba ya ngano. Hakufungua bolti hata moja. Alichomoa waya wa solenoidi, akaamuru gari liachwe mpaka asubuhi.

"Tusubiri nini, fundi, na harusi ni keshokutwa?" mzee aliuliza.

"Tusubiri oili iseme, mzee wangu."

Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Kama kosa ni msukumo wa oili uliofungiwa ndani, utavuja polepole usiku na gari litaachia. Kama klachi yenyewe imegandamana na pete, hata wiki nzima halitaachia, na dawa yake ni kuigonga ile pete kwa nje kwa nyundo ya ngozi, mapigo makali machache. Wengi hukimbilia kushusha giaboksi zima kabla ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Asubuhi, umande mweupe ukiwa juu ya viazi, walilisukuma nyuma kwa uangalifu, kwa mikono miwili tu. Likaenda! Basi klachi ilikuwa salama. Fundi alirudisha waya, akawasha umeme bila injini. Solenoidi ikalia tiki, na alipozima ikarudi. Umeme nao haukuwa na hatia. Akabonyeza swichi mara kumi na zaidi kuumaliza msukumo uliobaki, ndipo akalegeza plagi ya vali, taratibu, kitambaa juu yake. Zikatoka springi, gololi, na vali yenyewe, nyembamba kama kalamu. Kitundu chake kilikuwa kimezibwa na chembe ya gundi ya gasketi ambayo mtu fulani, zamani, aliipaka kwa ukarimu uliopita kiasi. Waya mmoja uliochambuliwa kwenye kebo ya breki ya baiskeli ulitosha kuizibua, kisha petroli, kisha pumzi ya mdomo.

Oili nayo ilimwagwa, kwani ilikuwa nyeusi kama masizi. Fundi alikataa katakata ile ya difu yenye dawa kali, ingawa mzee alikuwa na debe zima, kwa kuwa klachi ile huhitaji kushika na si kuteleza.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu za asubuhi Triumph ilitoka bandani kinyumenyume, riboni nyeupe kwenye boneti. Kijana ndiye aliyeendesha. Mzee, kando yake, alikuwa ameifunika swichi ya ovadraivu kwa kiganja, na hakukiondoa mpaka walipoipita Njoro.