Uyoga wa Nyumbani, Uyoga wa Texas

Mwaka jana mwezi wa tano mama alikuja Houston kumtembelea dada yangu. Mvua ikanyesha siku mbili, na asubuhi ya tatu akanitumia picha kwa WhatsApp: uyoga mweupe, mkubwa kama sahani, umeota kwenye nyasi mbele ya nyumba. Mimi nilikuwa Fort Worth, nimetoka zamu ya usiku. Nikajibu, "Safi mama, utie na nazi." Nikalala.

Saa nane mchana dada akanipigia. Amerudi kazini amemkuta mama anatapika na kuharisha, hawezi kusimama. Alilazwa usiku mmoja kwa dripu, akapona. Muuguzi mzima, ni mimi niliyemruhusu.

Uyoga ule kwa jina la kitaalamu ni Chlorophyllum molybdites, na ndio unaodhuru watu wengi zaidi Marekani Kaskazini. Huota uani baada ya mvua. Ukiwa mchanga, vikunjo vya chini ya kofia yake ni vyeupe. Ukikomaa hugeuka kijani. Dalili huanza kati ya saa 1 na 3 baada ya kula.

Kiswahili chetu kina neno moja, uyoga. Lugha za vijijini zina jina kwa kila aina, na jina ndilo linalobeba onyo. Mama anaujua uyoga wa kichuguu, wenye mzizi mrefu unaoshuka hadi kwa mchwa. "Niliung'oa nikaona hauna mzizi," aliniambia. "Nikasema labda wa Marekani ndivyo ulivyo."

Muuguzi mwenzangu ni wa ukoo wa Wacheki, waliohamia Texas tangu miaka ya 1850. Nilipomsimulia hakucheka. Kwao kuna uyoga uitwao bedla, huchovywa kwenye yai na chenga za mkate ukakaangwa kama nyama. Unafanana sana na ule wa Houston. Bibi yake naye angeweza kudanganyika.

Ndugu zangu, wazazi wakija, waonyesheni uyoga wa dukani. Msitegemee kupika kuondoa sumu. Mtu akishakula, pigeni 1-800-222-1222, kituo cha sumu. Ni bure, saa 24, na mnaweza kuomba mkalimani. Hifadhini mabaki ya uyoga. Akizidiwa, pigeni 911.

Mama sasa akituma picha, naipigia simu kwanza.