Baridi Haiui Vijidudu vya Maziwa

Bwana mkulima, nawe mama unayekamua, huenda jambo hili limekwisha kukupata. Jioni umekamua, maziwa ni meupe na harufu yake ni njema. Umeutia mkebe katika maji ya baridi, ukalala bila wasiwasi, kwa kuwa usiku wa Kinangop si mchezo. Asubuhi karani wa kituo ayapima kwa spiriti, maziwa yanakatika, nawe warudishiwa mkebe wako mbele ya majirani. Wasema moyoni kwamba karani ana chuki. Yafaa kwanza ujue yaliyotendeka usiku ule ndani ya mkebe.

Maziwa hutoka katika kiwele yakiwa na joto la digrii 37 au 38 hivi. Bakteria, yaani vile vijidudu visivyoonekana kwa macho, huingia kutoka katika chuchu, mikono, mavi, vumbi, na zaidi ya yote kutoka katika mkebe usiooshwa vizuri. Katika joto hilo kijidudu kimoja chaweza kugawanyika kuwa viwili kila dakika 20. Hesabu mwenyewe: baada ya saa tano kimoja kimekuwa zaidi ya 32,000. Vinakula sukari ya maziwa na kuigeuza kuwa asidi, na maziwa yanachachuka. Ndiyo sababu tunakuhimiza upoze maziwa upesi. Lakini kupoza si kuua, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea.

Kijidudu kikipatwa na baridi ya ghafula, taabu mbili humpata mara moja. Ya kwanza ni ya ngozi yake. Ngozi hiyo imejengwa kwa mafuta, na mafuta hushikamana katika baridi. Tazama samli yako asubuhi ya Julai, ni ngumu kama sabuni. Lakini mafuta ya alizeti katika chupa bado yamiminika. Basi bakteria nao hubadili mafuta ya ngozi yao kutoka aina ya samli hadi aina ya alizeti, ili ngozi ibaki laini na chakula kipite. Wengine, kama Bacillus subtilis wa udongoni, wana protini ngozini inayotambua baridi na kutoa amri mabadiliko hayo yaanze.

Taabu ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Ndani ya kijidudu kazi zote hufanywa na protini, na kila protini huundwa kwa kufuata amri iliyoandikwa katika uzi mwembamba sana uitwao RNA. Katika baridi uzi huo hujikunja na kujifunga mafundo, mitambo inayousoma ikakwama, kazi ikasimama. Mwaka 1990 wataalamu wa New Jersey, Marekani, walieleza jinsi E. coli, kijidudu cha matumbo ya watu na ng'ombe, kinavyojiokoa. Walikitoa katika joto la digrii 37 wakakitia katika digrii 10. Kilisimama kukua kwa muda wa saa nne hivi. Lakini hakikuwa kimelala. Muda huo kilikuwa kikitengeneza kwa wingi protini moja ndogo, iliyopewa jina CspA, hata ikawa zaidi ya sehemu moja katika kumi ya protini zote zilizokuwa zikiundwa. Kazi ya CspA ni kuushika ule uzi usijikunje, ili usomeke tena. Baada ya hapo kijidudu kilianza kukua upya, ingawa polepole.

Kwa hiyo, mkulima, maji ya furo au ya kisima yaliyo na digrii 12 au 15 yanakupa muda tu, hayakupi usalama wa siku nzima. Muda huo ni mali. Utumie kuyafikisha maziwa kituoni.

Katika tangi la kituo, lenye digrii 4, E. coli hashindi, hawezi kukua hapo. Lakini wako wengine, hasa wa kabila la Pseudomonas, wakaao katika maji na udongo, ambao baridi hiyo kwao si kitu. Hukua humo polepole, nao hutoa vimeng'enya vinavyovunja protini na mafuta ya maziwa. Ukiyachemsha, Pseudomonas hufa, lakini vimeng'enya vyake huweza kubaki vikiendelea na kazi, na maziwa yakawa machungu. Mkebe mmoja mchafu waweza kuharibu maziwa ya wengi. Yuko pia Listeria, ambaye hukua hata ndani ya friji na ni hatari kwa mama mjamzito, kwa maana huweza kuharibu mimba. Huyo hufa kwa kuchemshwa. Basi usinywe maziwa mabichi kwa sababu tu yalikuwa katika baridi.

Protini hizi si adui kila mahali. Moja, CspB ya yule Bacillus wa udongoni, iliingizwa katika mahindi ili yastahimili ukame. Mahindi hayo yaliruhusiwa Marekani mwaka 2011, na yalijaribiwa pia Kiboko hapa kwetu. Lakini turudi kwa mkebe.

Osha mkebe mara tu urudipo kutoka kituoni: kwanza maji ya baridi, maana maji moto huyakausha maziwa yakagandamana na chuma, kisha maji moto na sabuni kwa brashi, ukisugua hasa ukingo wa kifuniko, ambako utelezi hujificha. Suuza kwa maji yaliyochemshwa, si ya mto, kwa kuwa mtoni ndiko kwao Pseudomonas. Uinamishe mkebe juani juu ya kichanja hadi ukauke kabisa. Maziwa ya jioni usiyachanganye na ya asubuhi yakiwa bado na joto; yatayapasha yale yaliyopoa, na vijidudu vilivyokesha vikijizoeza baridi vitapata nafasi ya kukimbia. Ukipoza katika maji, maji yafike juu ya kimo cha maziwa ndani ya mkebe, nawe uyakoroge mara kwa mara kwa chombo safi. Maji yakipata joto, yabadilishe kabla hujaenda kulala.