Pilipili: Jina, Ukali na Wadudu Wake

Mjini Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, Kiswahili hukutana na Kinyamwanga na Kibemba. Upande wa Ileje, katika mkoa huo huo wa Songwe uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, ng'ambo ya mto ni Malawi, ambako pilipili huitwa tsabola. Mahali kama hapo neno la shambani halina budi kueleweka sawasawa, maana kosa lake hulipwa kwa mazao. Neno pilipili lastahili kuchunguzwa kwa sababu hiyo: jina lenyewe limehama kutoka mmea mmoja hadi mwingine, lakini kitenzi kinachoandamana nalo kimesema kweli.

Jina hili ni ndugu wa filfil ya Kiarabu na pilpil ya Kiajemi, na shina lake la mbali ni pippali ya Kisanskriti. Maneno hayo yote yalitaja kiungo cha Bara Hindi, jamaa ya pilipili manga. Pilipili ya kuwasha ni mmea wa Amerika, wa ukoo mmoja na nyanya, bilinganya na tumbaku. Haikujulikana katika pwani hii kabla ya safari za Wareno, waliofika mwaka 1498. Mgeni huyo alipewa jina la mwenyeji kwa sababu ya ukali tu. Kamusi za zamani, kama ile ya Johnson ya mwaka 1939, zilieleza pilipili hoho kuwa ni pilipili nyekundu, ili kuipambanua na pilipili manga. Leo, katika Tanzania bara, hoho ni lile tunda kubwa lisilowasha, na ile kali yaitwa pilipili kichaa au pilipili mbuzi. Basi asomaye maandishi ya zamani bila kujua mageuzi hayo hupotea.

Kitenzi ni kuwasha. Moto huwashwa, upupu huwasha, na methali huuliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Mwaka 1876 Thresh, mkemia wa Uingereza, alitenga fuwele za dutu iletayo ukali huo, akaiita kapsaisini. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko Marekani waligundua kipokezi chake katika neva, nacho ni kile kile kinachoamshwa na joto la nyuzi 43 na zaidi. Kwa kazi hiyo Julius alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ulimi, basi, hupata habari ya moto pasipo moto, na lugha ilikuwa imekwisha kulinena jambo hilo kwa kitenzi kimoja.

Kapsaisini hutengenezwa katika utando mweupe unaoshika mbegu, wala si katika mbegu zenyewe, kama wengi wadhanivyo. Wanyama watafunao mbegu hadi kuziharibu huunguzwa wakaacha tunda. Ndege, ambao kipokezi chao hakiitambui kapsaisini, hula na kuzitawanya zikiwa nzima. Uchunguzi wa Bolivia uliotangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kapsaisini huzilinda mbegu pia na kuvu liingialo katika matundu yaliyotobolewa na wadudu.

Lakini ngao hiyo ni ya tunda, si ya mmea mzima. Majani huliwa kana kwamba hayana ndugu mkali. Vidukari hufyonza utomvu na kueneza virusi viletavyo mabaka. Thripsi hukwangua majani machanga, yakajikunja kuelekea juu. Utitiri huyafanya yajikunje kuelekea chini. Mkulima akisema tu kwamba majani yamejikunja, mshauri wake hawezi kujua dawa ipasayo, kwa kuwa utitiri ni jamaa ya buibui, wala si mdudu wa miguu sita, na dawa nyingi za wadudu hazimdhuru.

Hapo ndipo kazi ya wataalamu wa lugha ilipo. Istilahi za kilimo zipambanue kujikunja juu na kujikunja chini, thripsi na utitiri, hoho ya zamani na hoho ya leo, kwa maneno ambayo mkulima wa Mbozi au Momba aweza kuyatamka mbele ya muuza dawa, akapewa kile alichokikusudia.