Uzi Ukikatika Kila Mara: Mafundi wa Kudarizi Watafute Chanzo Kabla ya Kugusa Skrubu

Shule zinapokaribia kufunguliwa mwezi Januari, fundi mwenye mashine ya kudarizi pale Makutano mjini Meru au katikati ya mji wa Embu huwa hana muda wa kupoteza. Sweta zinasubiri nembo, na wazazi wanataka watoto waripoti shuleni wakiwa na sare kamili. Ndipo mashine inapoanza kusimama: uzi umekatika. Fundi anautia upya, mashine inashona kidogo, unakatika tena.

Hesabu yake inaumiza. Nembo yenye mishono 8,000, mashine ikienda mishono 700 kwa dakika, huchukua takriban dakika 11 na nusu. Uzi ukikatika mara 8 katika nembo hiyo, na kila mara fundi atumie dakika 2 kuutia upya, zinaongezeka dakika 16. Kwa oda ya sweta 200, kazi ya saa 38 inageuka kuwa ya saa 91. Kwa kikundi kilichopata zabuni kupitia asilimia 30 ya manunuzi ya serikali iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kuchelewa kiasi hicho kunaweza kukinyima zabuni inayofuata.

Wengi hukimbilia kulegeza skrubu inayokaza uzi. Wakati mwingine hali inatulia kwa dakika chache, lakini kama mashine ilishona vizuri jana, skrubu hiyo haikujizungusha usiku. Kuizungusha kunaongeza kosa la pili juu ya la kwanza, na sasa fundi ana matatizo mawili yaliyofichana.

Kilicho bora ni kuuliza kwanza uzi unakatikia wapi. Kijana aliyehitimu ushonaji katika chuo cha ufundi cha kaunti huwa amezoea cherehani yenye sindano moja. Mashine ya kudarizi ya kichwa kimoja mara nyingi ina sindano 12 au 15, kila moja na koni yake ya uzi na njia yake ya kupitia. Lakini chini ya bamba kuna bobini moja tu, na ndoano moja tu inayozunguka kuunasa uzi wa juu. Kwa hiyo uzi ukikatika kwenye sindano moja pekee, ndoano haina hatia, kwa kuwa sindano nyingine zote zinaitumia hiyo hiyo. Ukikatika kwenye kila sindano, basi kosa liko kwenye kitu ambacho zote zinashiriki: ndoano, bamba au bobini. Na ukikatika mahali pale pale kwenye kila nembo, huenda mashine ni nzima na mchoro ndio mbovu.

Ncha ya uzi uliokatika nayo inafaa kutazamwa kabla haijatupwa. Iliyochanika na kutoa manyoya kwa kawaida imesuguliwa mahali fulani, na wa kwanza kushukiwa ni tundu la sindano. Iliyojikunja baada ya kuvutwa huonyesha uzi ulishikwa: labda umejizungusha chini ya koni au umekazwa kupita kiasi. Iliyokatika safi kama kwa makasi huelekeza kwenye ukingo mkali.

Sindano ndiyo kipuri cha bei nafuu kuliko vyote na ndiyo inayosababisha usumbufu mwingi, kwa hiyo ibadilishwe kwanza, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Kwa uzi wa kawaida wa namba 40, saizi 75/11 inafaa. Kwa sweta na fulana itumike yenye ncha ya mviringo, ambayo hupita kati ya nyuzi za kitambaa bila kuzitoboa. Kwa kofia na turubai, yenye ncha kali. Isukumwe hadi mwisho wa tundu lake, mfereji mrefu ukitazama mbele na kibonyeo kilicho juu ya tundu la uzi kikitazama nyuma, upande wa ndoano. Sindano iliyogeuka kidogo tu hukata uzi siku nzima, na fundi akaishia kulaumu uzi wa dukani.

Uzi wenyewe huchunguzwa kwa kuhamisha koni. Koni ya sindano ya tatu ipelekwe kwenye sindano ya saba. Tatizo likiifuata koni, uzi ndio mbovu. Likibaki kwenye sindano ya tatu, kasoro iko kwenye njia ya sindano hiyo. Koni zinazopangwa dirishani ili wateja wazione rangi huchomwa na jua miezi mingi, na uzi hupoteza nguvu. Ni afadhali kuweka dirishani vipande vya mfano na kuficha koni kabatini.

Kisha kuna vumbi. Karakana zilizo kando ya barabara za udongo, hasa miezi ya kiangazi, hupokea vumbi jekundu kila gari linapopita, na sweta nazo hutoa manyoya yanayojikusanya chini ya bamba. Manyoya machache yakiingia chini ya springi ya kikasha cha bobini, mkazo wa uzi wa chini hubadilika bila mtu kugusa chochote. Bamba lifunguliwe na kusafishwa kwa brashi kila siku, na ndoano itiwe tone moja la mafuta ya mashine kila siku ya kazi. Tone moja linatosha; zaidi ya hapo mafuta huishia kwenye sweta nyeupe. Mkwaruzo mdogo ukihisiwa kwa ukucha kwenye tundu la bamba, usuguliwe kwa msasa laini kabisa.

Kuhusu mchoro, kosa la mara kwa mara ni kuchukua nembo iliyotengenezwa kwa mgongo wa tracksuit na kuipunguza kwenye skrini ya mashine ili itoshee mfuko wa sweta. Ukubwa unapungua lakini idadi ya mishono inabaki ile ile, na sindano inapiga mahali pamoja hadi uzi unashindwa kupita. Faili ya ukubwa mdogo inapaswa kutengenezwa upya. Kaulimbiu ya shule yenye herufi zisizofika milimita 5 inahitaji uzi mwembamba wa namba 60 na sindano ya 65/9, pamoja na mwendo wa polepole.

Hayo yote yakishakaguliwa, sasa ni zamu ya skrubu. Nembo igeuzwe upande wa nyuma: kwenye herufi nene, uzi mweupe wa bobini uonekane katikati kwa takriban theluthi moja ya upana. Usipoonekana, uzi wa juu umelegea au wa chini umekazwa mno. Ukitawala, mambo ni kinyume. Irekebishwe kwa robo mzunguko, na alama ya kalamu iwekwe pale skrubu ilipokuwa.

Umeme ukipotea ghafla katikati ya kazi, sindano huweza kubaki ndani ya kitambaa. Fremu isivutwe. Mhimili uzungushwe kwa mkono hadi sindano ipande, na mashine irudishwe nyuma mishono kadhaa kabla ya kuendelea. Sindano iliyovutwa ikiwa ndani hupinda, na sindano iliyogonga fremu ya chuma huweza kuiondoa ndoano kwenye wakati wake wa kukutana na uzi. Hapo uzi utakatika kwenye sindano zote na mishono itarukwa, na hakuna usafi wala sindano mpya itakayosaidia.

Hiyo ni kazi ya fundi wa mitambo, ambaye huenda akatoka Nairobi na kulipwa nauli. Kabla ya kumpigia simu, mwenye karakana aandike namba za sindano zinazokata uzi, hali ya ncha ya uzi, vipuri alivyokwisha kubadilisha, na kama sindano iligonga kitu. Kwa maelezo hayo fundi huyo ataweza kuja na vipuri vinavyohitajika katika safari ya kwanza.