Je, Wajua? Maajabu ya Yazd, mji wa udongo unaonasa upepo

Katikati ya Iran, baina ya majangwa mawili makubwa, Dasht-e Kavir na Dasht-e Lut, kuna mji ambao mvua yake ya mwaka mzima haifiki milimita 100. Dar es Salaam hupata zaidi ya hiyo katika mwezi mmoja wa masika. Hata hivyo Yazd haijawahi kuhamwa. Marco Polo alipita hapo mwaka 1272 akaukuta mji wenye biashara nzuri ya hariri, na mwaka 2017 UNESCO iliutia mji wake mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia.

Mnara mmoja hufanya kazi ya kiyoyozi, bila umeme

Katika bustani ya Dowlatabad umesimama mnara wa upepo wenye urefu wa mita 33 hivi, sawa na jengo la ghorofa kumi. Una pande nane, kwa hiyo upepo uvume kutoka kokote, utanaswa. Hushuka kwa njia nyembamba zilizogawanywa ndani ya mnara, hupita juu ya bwawa dogo la maji lililo chini yake, kisha huingia chumbani umekwisha kupoa, huku hewa ya moto ikipandia upande wa pili na kutoka. Nje joto huzidi nyuzi 40 wakati wa kiangazi. Msomaji uliyeko Dubai, mfano wake uko jirani nawe: minara ya upepo ya mtaa wa Al Fahidi ililetwa na wafanyabiashara waliohamia huko kutoka kusini mwa Uajemi.

Hata maji ya kunywa yalijengewa minara

Birika moja mashuhuri mjini lina minara sita ya upepo, yote ikilizunguka kuba moja. Maji yalihifadhiwa chini kabisa ya ardhi, na upepo ulipita juu yake usiku na mchana ili yabaki baridi na yasivunde.

Chini ya msikiti kuna mto uliochimbwa kwa mikono

Hili ndilo linalonishangaza kuliko yote. Kanati ya Zarch, mfereji wa chini kwa chini, ina urefu wa zaidi ya kilomita 70. Ni kama mtu achimbe kutoka Dar es Salaam mpaka Bagamoyo bila kutokeza juu. Mafundi walianza na kisima kirefu kwenye miinuko, palipo na maji, wakayaelekeza mjini kwa mteremko mdogo sana. Ukizidi, maji yanakula kuta na mfereji unaporomoka. Ukipungua, maji yanasimama. Hakuna pampu hata moja. Juu ya ardhi utaona mashimo tu yaliyopangana, zaidi ya 2,000, ya kutolea udongo na kuingizia hewa kwa wachimbaji.

Kanati hiyo hupita chini ya Msikiti wa Ijumaa, na uani kwake kuna ngazi za kuteremkia majini. Mwaka 2016 iliingizwa katika urithi wa dunia pamoja na kanati nyingine kumi za Iran.

Na maji hayo yaligawanywaje bila ugomvi? Kwa bakuli la shaba lenye kitundu. Liliwekwa juu ya maji, likajaa polepole, likazama. Kila lilipozama ilihesabiwa sehemu moja ya zamu ya mkulima.

Jangwani walikula barafu

Huko Meybod, kilomita 50 hivi kutoka Yazd, bado lipo ghala la barafu la udongo lenye kuba refu. Usiku wa majira ya baridi maji yaligandishwa katika madimbwi ya kina kifupi, barafu ikakusanywa na kufukiwa shimoni, ikatumika kiangazi kilipofika. Kuta nene ndizo zilizoilinda.

Kuna moto ambao Wazoroasta husema haujazimika tangu mwaka 470

Umehamishwa mara kadhaa, lakini kwa imani ya Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, ni moto uleule, wenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Jengo unamowaka sasa mjini Yazd ni la mwaka 1934, na mgeni huutazama kupitia kioo. Dini hii ina nyayo zake hata Zanzibar: mwimbaji Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, alitoka katika familia ya Waparsi, yaani kizazi cha Wazoroasta waliohama Uajemi na kwenda Bara Hindi karne nyingi zilizopita.

Mlango humwambia mwenye nyumba nani amekuja

Milango mingi ya kale ya Yazd ina vyuma viwili vya kubishia hodi. Upande mmoja ni chuma kizito chenye mlio mnene, cha wanaume. Upande wa pili ni pete nyepesi yenye mlio mwembamba, ya wanawake. Waliomo ndani walijua papo hapo nani aende kufungua.

Basi ukijaliwa kufika, nenda wakati wa machipuko au vuli, joto likiwa limepungua, utembee kwa miguu katika vichochoro vya mtaa wa Fahadan. Na ukiukuta mlango wa namna hiyo, angalia vizuri chuma chako kabla hujabisha.